Uzee wa Mbwa Mwokozi

Katika makumbusho ya mji wa Bern, nchini Uswisi, yupo mbwa aliyekufa mwaka 1814. Ngozi yake ilitengenezwa na kujazwa, naye husimama mbele ya watazamaji kama aliye hai. Jina lake ni Barry. Alizaliwa mwaka 1800 katika nyumba ya watawa iliyo kwenye njia ya Great St Bernard, mpakani mwa Uswisi na Italia, mahali palipo mita 2,469 juu ya usawa wa bahari. Tangu karne ya 11 watawa wa nyumba hiyo walikuwa wakiwapokea wasafiri waliovuka milima ya Alps. Baadaye walianza kufuga mbwa wakubwa, kwanza kwa ulinzi, kisha kwa kuwatafuta watu waliopotea au kufunikwa na theluji. Barry husemwa kuwa aliokoa watu 40 au zaidi.

Juu ya kufa kwake pana masimulizi mawili. La kwanza ndilo lililoenea. Lasema kwamba Barry alimkuta askari aliyezikwa na theluji, akamfukua na kumlamba uso; askari yule alipozindukana akadhani ameingiliwa na mbwa mwitu, akamchoma kwa silaha yake. Karibu na Paris, katika makaburi ya wanyama ya Asnières yaliyofunguliwa mwaka 1899, ipo sanamu kubwa ya Barry amembeba mtoto mgongoni, na maandishi yake yatangaza kuwa aliokoa watu 40 akauawa na wa 41. Simulizi la pili ni fupi, wala halina damu. Mwaka 1812 mkuu wa watawa aliona kuwa mbwa huyu amechoka na kuzeeka, akaagiza apelekwe Bern akapumzike. Barry aliishi huko miaka miwili, kisha akafa kwa uzee.

La pili ndilo la kweli, na la kwanza ndilo lililochongwa katika jiwe. Jambo hili halikutokea bure. Shujaa aliyekufa kazini hadai kitu ila kaburi na maneno mazuri, na hayo hulipwa mara moja. Shujaa aliyezeeka hudai chakula kila siku, mahali pa kulala pasipo baridi, na mganga. Tena hudai mbele ya macho yetu, akichechemea. Watu walimwondolea Barry uzee wake katika hadithi, kwa kuwa uzee ni jambo lisilo na utukufu na lenye gharama. Taarikhi ya mbwa waokozi imeandikwa kwa namna hiyo tangu wakati ule: kazi zao zimehesabiwa moja moja, miaka yao ya mwisho imeachwa. Katika insha hii nataka kuifuata miaka hiyo iliyoachwa, na kuuliza ni nani aliyelipa.

Najua baadhi ya wasomaji, hasa wa pwani, watashangaa mbwa kupewa nafasi kubwa hivi. Mbwa kwetu hana cheo. Jina lake ni tusi, na chombo alichokilamba huoshwa mara nyingi. Walakini watu hao hao wamesikia tangu utoto wao habari za mbwa wa Watu wa Pangoni, na habari za mtu aliyeshuka kisimani akachota maji kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake kwa tendo hilo. Na watu wa Nairobi waliwaona mbwa wa uokoaji kwa macho yao mnamo Agosti 1998, walipoletwa pamoja na waokoaji wa kigeni kunusa katika kifusi cha jumba la Ufundi, baada ya bomu lililoua watu zaidi ya 200. Hata asiyependa kumgusa mbwa aweza kukubali kuwa deni ni deni.

Mbwa hawa walishuka kutoka milimani na kuingia mijini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1940 ndege za Wajerumani zilikuwa zikiangusha mabomu juu ya London usiku baada ya usiku. Katika mtaa wa Poplar, mashariki ya mji huo, mlinzi mmoja wa mashambulio ya anga alimkuta mbwa koko aliyepoteza makao yake kwa bomu. Alimtupia chakula, akidhani atakwenda zake, mbwa hakwenda. Akaitwa Rip. Hakuna aliyemfundisha kazi. Yeye mwenyewe alianza kunusa na kufukua katika vifusi, na katika muda wa miezi 12 alisaidia kupatikana kwa watu zaidi ya 100. Mwaka 1945 alipewa Medali ya Dickin.

Asili ya medali hii yafaa kuelezwa, maana inahusiana sana na shabaha yetu. Iliwekwa mwaka 1943 na Maria Dickin, mwanamke aliyefungua mwaka 1917, katika chumba cha chini ya ardhi huko Whitechapel, zahanati ya kutibu bure wanyama wa maskini. Chama chake, kijulikanacho kwa herufi PDSA, kingaliko mpaka leo. Basi heshima kubwa kupita zote anayopewa mnyama nchini Uingereza haikutoka kwa mfalme wala jeshini. Ilitoka kwa watu ambao kazi yao ilikuwa kufunga vidonda vya punda na paka wa watu wasio na fedha. Waliotoa medali walijua vema bei ya dawa.

Rip hakukaa sana na medali yake. Alikufa mwaka 1946, akazikwa Ilford katika makaburi ya chama hicho. Mwenzake Jet, mbwa wa Liverpool aliyefundishwa kazi rasmi, alikwisha rudi kwa mwenyewe vita vilipokoma. Lakini Agosti 1947 aliitwa tena, akapelekwa Whitehaven ambako mlipuko katika mgodi wa makaa uliua wachimbaji 104. Naye alikufa mwaka 1949, umri wake miaka saba tu. Mwaka 2009 medali ya Rip iliuzwa katika mnada kwa pauni 24,250. Sina ugomvi na wanunuzi wa vitu vya kale, lakini siwezi kuitazama hesabu hiyo bila kufikiri ni mbwa wazee wangapi wa kazi ile ile wangalitibiwa kwa fedha hizo mpaka mwisho wa maisha yao.

Tueleze sasa uzee wenyewe ulivyo. Mbwa wa kazi hii huanza kufundishwa angali mdogo, na mara nyingi huachishwa kazi akifika miaka 8, 9 au 10. Akiwa mtambo ungesimama ghalani. Lakini yeye huishi bado miaka mitatu, minne, hata sita. Muda wote wa kazi alipanda juu ya matofali yaliyovunjika, akaruka, akapenya nafasi nyembamba, mara nyingi bila viatu, kwa kuwa huhitaji kushika kwa kucha zake mahali panapoteleza. Katika uzee nyonga na viwiko hukaza, uti wa mgongo huuma, miguu ya nyuma hudhoofika. Macho huingia ukungu, meno hung'oka, figo huchoka, na uvimbe wa saratani si jambo la nadra. Maradhi haya hayatibiwi kwa siku moja. Yanataka vidonge kila siku, kupimwa damu, picha za eksirei, na pengine kupasuliwa. Katika nchi ambako wanyama hawa ni wengi, hospitali za wanyama kwa kawaida ni za watu binafsi na malipo yao ni makubwa. Makampuni mengi ya bima hayalipii maradhi yaliyokwisha onekana kabla ya bima kukatwa, na mbwa aliyemaliza kazi ana maradhi ya namna hiyo tele.

Sheria ya kwanza yenye maana juu ya mbwa wa kazi waliozeeka haikutungwa kwa ajili ya waokozi, ila kwa ajili ya mbwa wa jeshi la Marekani. Lakini iliamsha fikira ambazo hazikulala tena. Katika vita vya Vietnam maelfu ya mbwa walitumika kunusa maadui na mitego, na kwa kufanya hivyo waliokoa askari wengi. Walihesabiwa kuwa vifaa. Vita vilipokwisha, wachache sana ndio waliorudishwa. Waliobaki waliuawa au kuachwa. Desturi ya kuwaua mbwa wa jeshi walioshindwa kazi iliendelea mpaka mwaka 2000, mlezi wa mbwa mmoja aitwaye Robby alipoomba ruhusa ya kumchukua nyumbani kwake, akakataliwa. Habari ilifika katika Bunge, na mnamo Novemba mwaka huo Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria ya kuruhusu mbwa hao wachukuliwe na watu wema. Robby mwenyewe hakuifaidi. Maradhi ya viungo yalikwisha mzidi nguvu, akalazwa kwa sindano kabla ya kupata nyumba.

Sheria ile iliondoa kifo, haikuleta matibabu. Aliyemchukua mbwa alichukua pamoja naye hati zote za mganga. Ilipofika Januari 2013 ndipo ilipotokea sheria nyingine kuhusu tiba ya mbwa wa jeshi waliostaafu, nayo ilisema kwamba wizara ya ulinzi yaweza kuanzisha mpango wa tiba hiyo. Msomaji wa sarufi atatambua uzito wa neno hilo. Kuna safari ndefu kati ya kuweza na kupaswa.

Wakati huohuo jambo jingine lilikuwa likiendelea, na ndilo lenye mafunzo mengi kupita yote. Tarehe 11 Septemba 2001 majumba mawili marefu ya New York yaliangushwa, na jumba la wizara ya ulinzi karibu na Washington likapigwa. Mbwa waliletwa kutoka pande nyingi za Marekani kutafuta watu. Walifanya kazi zamu za saa nyingi katika vumbi lenye saruji, vioo, moshi na mafuta yaliyoungua. Waganga wa wanyama walikaa karibu nao. Baada ya zamu waliwaosha, wakawatazama macho na nyayo, wakawapa maji, maana upungufu wa maji mwilini, uchovu na mikwaruzo ndiyo yaliyowasumbua zaidi. Mmoja wa waganga hao alikuwa Cynthia Otto wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Yeye aliuliza swali ambalo kabla yake halikuulizwa kwa utaratibu: mbwa hawa watakuwaje baada ya miaka kumi?

Swali hilo lilitaka mbwa wafuatwe maisha yao yote. Otto na wenzake waliwaandika mbwa 95 waliofanya kazi katika maafa yale, na mbwa 55 wa kazi hiyo hiyo ambao hawakupelekwa huko, ili wawalinganishe. Mwaka baada ya mwaka walikusanya habari za afya yao, damu yao na picha za vifua vyao, mpaka wote wakazeeka na kufa. Fedha zilitoka katika mifuko ya utafiti. Tafakari kidogo ajabu ya jambo hili: kwa mara ya kwanza kundi zima la mbwa waokozi liliangaliwa na waganga katika uzee wake bila kuachwa, na hilo lilifanyika kwa sababu wanadamu walitaka kujua mavumbi yale yatawafanya nini wanadamu. Siwalaumu. Wema uliokuja kwa mlango wa nyuma ni wema vilevile.

Majibu yalipotolewa mwaka 2020 yaliwastaajabisha wengi. Waliotazamia kuona mbwa wa New York wamekufa mapema kwa maradhi ya mapafu hawakuliona hilo. Umri wa kati wa kufa ulikuwa miaka 12.8 kwa waliokwenda, na 12.7 kwa ambao hawakwenda. Sababu za kufa zilikuwa zile zile za mbwa wengine: kuchakaa kwa mwili na saratani.

Habari hii njema inavunja hoja moja ambayo wenye mifuko huipenda. Wapo wasemao kwamba mwenye kumtumia mbwa alipe gharama za majeraha aliyoyapata kazini, na zaidi ya hapo asidaiwe kitu. Hoja hiyo yaonekana ya haki, lakini utafiti umetuonyesha kwamba maradhi ya mbwa mwokozi katika uzee wake hayana alama ya kazi yake. Hakuna mganga atakayeweza kuapa kwamba figo hizi zilidhoofishwa na kifusi kile, au kwamba nyonga hii ilikaza kwa ajili ya mlima ule. Tukingoja ushahidi wa namna hiyo hatutalipa abadani. Deni basi halikai katika jeraha, bali katika ile miaka minane au tisa ambayo nguvu za mnyama zilitumiwa kwa faida ya watu asiowajua. Matibabu ya uzee ni ujira uliocheleweshwa. Ajabu ni kwamba tunaendelea kuuita sadaka.

Ni nani basi anayeulipa ujira huo? Mara nyingi ni mtu mmoja tu, yaani mlezi wa mbwa. Katika Marekani na Uingereza mbwa wengi wa uokoaji si mali ya serikali. Ni mbwa wa watu wa kujitolea, waalimu, mafundi, maafisa wa zimamoto, ambao huwalea nyumbani kwao. Hamish MacInnes, mpanda milima wa Glencoe aliyeanzisha chama cha mbwa wa uokoaji huko Scotland mwaka 1965 baada ya kuona mbwa wa theluji wa Uswisi, alijenga juu ya msingi huo wa kujitolea, na msingi huo ungali imara. Taifa lapata huduma bila mshahara. Kisha mbwa akizeeka, lampongeza mwenyewe na kumwachia hati ya mganga. Nadhani hakuna kazi nyingine ya hatari ambayo serikali hutumikiwa kwa bei rahisi namna hiyo.

Yapo majaribio ya njia nyingine. Huko California, Wilma Melville, mwalimu aliyestaafu ambaye alifanya kazi na mbwa wake Murphy baada ya bomu la Oklahoma City la mwaka 1995, alianzisha mwaka 1996 shirika la kufundisha mbwa wa maafa. Wengi wao huchukuliwa kutoka nyumba za mbwa waliotupwa, na shirika huahidi tangu siku ya kwanza kwamba watatunzwa maisha yao yote. Naupenda utaratibu huu kwa sababu ahadi hutangulia kazi. Mwaka 2013 polisi wa Nottinghamshire, Uingereza, walitangaza kuwapa mbwa wao waliostaafu kitu kilichofanana na pensheni: pauni 500 kwa mwaka kwa ajili ya mganga, kwa muda wa miaka mitatu. Nako Mexico jeshi la wanamaji lilimweka Frida, mbwa aliyepata sifa duniani katika tetemeko la mwaka 2017 na ambaye katika maisha yake aligundua watu 12 wakiwa hai, chini ya uangalizi wake hata baada ya kumstaafisha mwaka 2019. Alikufa Novemba 2022 mikononi mwa wale wale waliomtumia.

Mfano mwingine upo karibu nasi. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na limefanya pia majaribio ya kuwatuma katika vifusi wakiwa wamevaa vifuko vidogo vyenye kamera. Panya aitwaye Magawa, mzaliwa wa Tanzania, aligundua Kambodia mabomu na vitu vya kulipuka zaidi ya 100. Mwaka 2020 alitunukiwa medali ya dhahabu na PDSA, chama kile kile kilichomtunuku Rip. Alistaafu Juni 2021, akaendelea kulishwa na kuangaliwa afya yake na wale aliowafanyia kazi, akafa Januari 2022. Sijui kama wako wengi nchini petu waliotambua kwamba panya mmoja wa Morogoro alipata mafao ya uzee ambayo mbwa wengi wa nchi tajiri hawayapati.

Michango ya watu wema hufanya mengi, wala sitaki kuidharau. Lakini michango hufuata majina. Mbwa aliyepigwa picha juu ya kifusi mashuhuri hupata wafadhili. Mbwa aliyetembea msituni siku tatu akimtafuta mzee aliyepotewa na akili, akamkuta amekwisha kufa, hapati picha wala mfadhili, na nyonga zake huuma vilevile. Hata katika wale 95 wa mwaka 2001, wanaokumbukwa kwa jina ni wachache mno.

Anayekumbukwa kuliko wote ni Bretagne, mbwa jike wa rangi ya dhahabu kutoka Texas. Alikuwa na umri wa miaka miwili alipofika New York. Baadaye alitumwa pia katika maafa ya tufani, ikiwamo Katrina ya mwaka 2005. Aliachishwa kazi akiwa na miaka 9, naye hakukaa bure. Alipelekwa katika shule ya watoto wadogo, wale walioona haya kusoma mbele ya wenzao wakamsomea yeye. Figo zake zilipochoka, mlezi wake na mganga walikubaliana kwamba saa imefika. Tarehe 6 Juni 2016, akikaribia miaka 17, Bretagne alikwenda kwa miguu yake mwenyewe mpaka mlango wa hospitali ya wanyama katika mji wa Cypress, na maafisa wa zimamoto waliopanga mistari miwili wakampigia saluti. Alipotolewa alikuwa amefunikwa bendera ya Texas. Kutoka hapo mwili wake ulipelekwa katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, ili waganga waupasue na kuandika waliyoyaona, kwa ajili ya mbwa watakaokuja.